Kadi Isiyokuwa kwenye Meza ya Kocha

Mwende,

Sweta iko ndani ya begi, juu kabisa, na chapati ziko kwenye mkebe. Hayo ndiyo maagizo yote utakayopata kwangu. Mama wengine wangekuandikia ulale mapema, uogope wanaume, ufunge mlango. Wewe ni mtu mzima, na mlango unajua kuufunga, maana wiki hii nzima umekuwa ukinifungia mimi.

Ninaandika ukiwa bado Muthetheni kwa shangazi yako. Najua umeenda kumuaga yeye kwanza ili jioni ikikukuta huko usiwe na muda wa kukaa na mimi jikoni. Ningefanya vilevile. Baba yako yuko kibandani anachonga twiga. Kama hujui la kufanya na mtu kama mimi, mwandikie au mkimbie, na kwa kuwa wewe umeshachagua kukimbia, mimi nimebaki na kalamu.

Basi tuanze na ile siku ya hoteli pale Machakos, kwa kuwa ndiyo iliyotuharibia wiki.

Uliniambia kuna kocha wa maisha. Mimi nilijua kocha ni wa mpira, mtu wa kupiga kelele kando ya uwanja huku wengine wakikimbia, na nilipomwona nikaona sikukosea sana. Suti ya bluu na viatu vyeupe vya michezo! Viti vimevalishwa vitambaa na kufungwa utepe nyuma kama watoto wa ubatizo. Wazazi tumewekwa safu ya mbele na soda mkononi, kila mmoja akiogopa kumeza kwa sauti. Halafu kwenye meza zile kadi. Ujasiri. Ukarimu. Ubunifu. Matumaini. Zimepangwa kama karata za walevi, ila walevi hawajidanganyi kwamba wanaokoa mtu.

"Wazazi wapendwa," akasema kocha wako, "kila mtu alizaliwa na nguvu zake. Shida ni kwamba hatuzijui. Ukishazijua, zitumie kila mahali. Nyumbani, kazini, kila mahali."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Yule mama wa Masii aliyekaa karibu nami akaandika kabisa, kila mahali. Nikajiuliza kama nyumbani kwake alikuwa hajawahi kuambiwa jambo lolote lenye akili hata likamshtua hilo.

Kisha ukasimama wewe. Blauzi nyeupe, kadi tano mkononi. Ukasema nguvu zako ni kusikiliza, huruma, uaminifu, matumaini na subira. Ukasema unathamini ukweli na familia, na kwamba unakwenda Syokimau kujifunza kuwasaidia watu wazijue nguvu zao. Ukanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nikitazamwa, najua. Na hapo ndipo nikacheka.

"Subira?" nikasema. "Wewe ambaye hungoji hata chai ipoe?"

Ukumbi mzima ukacheka nami. Mimi hujua kuwachekesha watu, sijawahi kukosa. Wewe ukabaki na tabasamu usoni kwa muda, halafu ukaziweka zile kadi mezani moja moja, taratibu, zikiangalia chini. Baba yako akaangalia viatu vyake.

Kocha hakucheka. Akasema, "Mama, hicho kicheko umekitoa wapi?"

"Nimekuja nacho kwa mkoba," nikamjibu, na watu wakacheka tena.

Nyumbani ulikuwa unasuuza vikombe kwenye karai na mgongo umenipa. Ukasema bila kugeuka, "Mwaitu, wewe uko na nguvu moja tu. Kudharau." Nikangoja uendelee. Ukasema, "Nilikuwa nataka unibariki kabla niende. Sasa wacha tu." Tangu siku hiyo unaniomba chumvi kupitia kwa baba yako.

Siku ya kwanza nilikasirika. Siku ya pili nilikasirika zaidi kwa sababu nilikuwa nimeanza kukubaliana nawe. Dharau. Kadi hiyo haikuwa kwenye meza ya kocha, na ndiyo pekee ambayo ningeichukua bila kufikiri. Anawawekea watu ukarimu na ujasiri waokote, naye anashangaa wote wanaondoka wakiwa wema. Nani atanyanyua kadi ya wivu mbele ya mchungaji wake? Nani atasema nguvu yangu ni ubishi, ndiyo imenijengea nyumba ya mawe? Hizo kadi ni polishi tu.

Na polishi naijua, usiniambie. Umekua ukinitazama nikipaka jakaranda rangi nyeusi ya viatu mpaka ing'ae, ili mtalii aamini amebeba mpingo. Wanaume wanachonga, sisi wanawake tunapiga msasa na kupaka, na mzungu anakwenda kwao akiwa na furaha na mti wa kivuli cha shuleni. Mara mojamoja anakuja mwerevu, anakwaruza chini ya tumbo la kifaru kwa ukucha, anaona weupe. Nilikuwa nawadharau wale wasiokwaruza kuliko nilivyojidharau mimi niliyepaka. Kwa hivyo mtu akisimama mbele yangu na kadi tano zinazong'aa, mkono wangu unakwenda wenyewe kukwaruza. Ndivyo nilivyokufanyia mbele ya watu.

Lakini nataka ujue dharau hii imekufanyia nini, kwa sababu hukuwa na umri wa kukumbuka.

Ulikuwa bado mgongoni. Daktari alikuwa ameshaniambia sitazaa tena. Ukoo wa baba yako ukaja, wazee wawili wakiongozwa na amu yako Kioko, wameoga na kuvaa makoti kama wanakwenda kuhesabu mahari. Niliwapikia chai. Wakasema hali ya hewa, wakasema mahindi, halafu Kioko akasafisha koo.

"Mama Mwende," akasema, "nyumba bila kijana ni nyumba itazimika. Tumeonelea ulete iweto."

Maana yake nitafute msichana, aolewe kwa jina langu, azae wavulana katika nyumba yangu, niwaite wanangu. Wako wanawake waliofanya hivyo na wakaishi vizuri, siwasemi. Lakini mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, anapumua shingoni mwangu, na mtu ananiambia nyumba yangu ni tupu.

Ningelia. Mama yangu angelia. Wanawake wengi ninaowajua wangeomba muda wa kufikiri, na huo muda ndio ungewamaliza. Mimi nilicheka. Nilimtazama Kioko, ambaye wakati huo alikuwa bado anakula na kulala kwa mama yake, nikamuuliza, "Kioko, wewe ni kijana. Umewasha nyumba gani?"

Mzee mmoja akaficha mdomo na kofia. Kioko akasimama, chai yake ikabaki na utando juu. Sikumwacha. Nilimcheka mpaka akafika barabarani, na jambo la iweto halijawahi kurudi hapa hata siku moja. Baba yako alikuwa amekaa kando na tezo yake ya kuchongea mapajani. Walipoondoka akaniambia, "Umenifanyia kazi yangu." Nilijivuna, Mwende. Nilijivuna mwaka mzima.

Kama kocha wako angekuwepo siku ile angenipigia makofi. Angesema umeijua nguvu yako mama, sasa itumie kila mahali. Na mimi, bila kufundishwa na mtu, bila kadi, bila soda, ndivyo nilivyofanya. Niliitumia kwa mwalimu wako wa darasa la tatu, naye alistahili. Niliitumia kwa kwaya, nikatoka kwaya. Niliitumia kwa dada yangu alipoolewa na yule mtu wa Ndithini, na dada yangu hajanywa chai yangu tena. Kila mahali, kama yule mama wa Masii alivyoandika.

Halafu nikaitumia kwa baba yako.

Hili unalikumbuka, ulikuwa darasa la tano. Pale kibandani kila mchongaji ana mnyama wake. Mmoja ni wa vifaru, mwingine wa simba, mwingine wa vinyago, na baba yako Mutua ni wa twiga. Alianza na twiga akiwa kijana, zikanunuliwa, watu wakasema huyu ana mkono wa twiga, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza kama ana mkono wa kitu kingine. Hata mimi sikumuuliza. Kocha angesema huyo ameipata nguvu yake. Mimi nasema walimfungia ndani yake, kwa wema kabisa, na makofi.

Siku moja akaja kwangu nikiwa nimekaa na wanawake wenzangu tunapiga msasa. Alikuwa na kitu ndani ya gunia. Akakitoa akakiweka miguuni pangu. Mwanamke ameinama, mikono miwili mbele, mgongo mrefu umepinda, kichwa hakina uso. Jakaranda, haijapakwa kitu, bado ina alama za tezo. Hakusema ni nani. Alisimama tu, vumbi la mbao kwenye nyusi, akanitazama kama wewe ulivyonitazama hotelini.

Nilimjua huyo mwanamke mara moja. Nataka uelewe hilo. Niliujua mgongo wangu kabla sijaufikiria, nikaona aibu, kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga. Na nikiona aibu mimi huwa nina jambo moja tu la kufanya.

"Huyu ni nani?" nikasema. "Punda ameinama kunywa maji?"

Kibanda kizima kikacheka. Baba yako naye akacheka, mwisho, baada ya wote. Akaiokota akaitupa kwenye rundo la vipande vya kuwashia moto. Kesho yake akachonga twiga. Leo anachonga twiga. Ukipita pale watu watakuambia Mutua hana shida, Mutua anajua kazi yake.

Sikuandikii haya ili unihurumie, wala sijawahi kumwomba msamaha, na yeye angeshtuka kama ningeanza leo. Nakuandikia kwa sababu kocha wako amekosea mahali pamoja, na wewe utakwenda kulirudia kosa hilo kwa watu ambao hawana baba wa kuangalia viatu kwa niaba yao. Kicheko nilichomchekea Kioko na kicheko nilichomchekea Mutua ni kimoja. Sikubadilisha sauti. Nguvu haijui inampiga nani, inapiga tu, na ukimwambia mtu aitumie kila mahali unampa panga na kumfunga macho. Mlisoma mambo mnayothamini kama nyimbo za mwisho wa ibada, wakati watu wanatafuta mikoba. Hayo ndiyo yalitakiwa kuwa mbele. Kama ningejiuliza siku ile ninathamini nini, ningejibu kwamba nathamini nyumba ile niliyoipigania mbele ya Kioko, na mwenye nyumba alikuwa amesimama mbele yangu na gunia tupu. Sikujiuliza. Nilikuwa nachekesha watu.

Kwa hivyo mtu kama mimi akija kukaa kwenye kiti chako chenye utepe, na atakuja, maana dunia imejaa sisi, usimpe kadi. Atakudharau kabla hujamaliza kuzipanga. Muulize hiyo nguvu yake mara ya mwisho aliitumia kwa nani, halafu unyamaze. Mwache achezee mkoba wake, mwache ajibu upuuzi. Kocha wako aliniuliza nimekitoa wapi kicheko, na wiki nzima nimekuwa nikimjibu nikiosha sufuria, nikilisha kuku, na sasa kwa kalamu. Simpendi. Viatu vile siwezi kuvisamehe. Lakini swali lile aliliuliza vizuri, na akaniacha nalo, na hilo nimelazimika kulikubali ingawa limenikaa kooni.

Na wewe usikubali kufungiwa. Wakikuambia wewe ni wa kusikiliza, watakufanya usikilize mpaka uzeeke, na siku utakayotaka kupiga kelele watakuambia hiyo si nguvu yako. Angalia baba yako. Piga kelele mapema ili wazoee.

Sasa nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu.

Leo mchana nilifungua begi lako kuweka sweta. Chini kabisa, chini ya viatu, kuna kitu kimefungwa kwa leso yangu ya kijani, ile niliyodhani imeibwa kwenye kamba. Nilifikiri umeninyang'anya sufuria. Nikaifungua.

Mwende, nilikaa kitandani kwako.

Nilijua kwamba sanamu ile ilichomwa. Miaka hii yote nilijua tuliipikia maharagwe, na nilikuwa nimezoea kujua hivyo. Kumbe mtoto wa darasa la tano aliitoa kwenye rundo la kuni, akaificha mahali ambapo mimi, ninayejua kila shimo la nyumba hii, sikuwahi kufika. Na wiki hii ambayo hukutaka hata kuniomba chumvi, uliiweka kwenye begi. Unaniacha hapa na unanibeba. Nililia, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuniona, nililia vibaya, na kamasi.

Ile kadi ya subira niliyokucheka nayo, niirudishe mkononi mwako. Kungoja chai ipoe huwezi, hilo siliondoi. Lakini umengoja zaidi ya miaka kumi mtu fulani aitazame sanamu hiyo vizuri.

Nikaichukua nikaenda nayo nje. Nikatafuta msasa mgumu, kisha ule laini, nikakaa nayo chini ya ukuta wa jiko. Ilikuwa na ufa mmoja mbavuni, jakaranda ilichongwa mbichi, alikuwa na haraka masikini. Sikuuziba. Nimepiga msasa mgongo mzima, mikono, shingo, mpaka alama za tezo zikaisha isipokuwa chache karibu na miguu ambazo nimeona niziache ili ijulikane ni mkono wa nani. Polishi sikupaka. Ukikwaruza popote utakuta rangi ni ileile.

Baba yako akapita kuchukua maji. Akasimama. Aliitazama, akanitazama mimi nilivyoinama juu yake, na nikaona anatulinganisha, yule mzee mjanja. Nikangoja aniulize nimeitoa wapi. Hakuuliza. Alisema tu, "Hapo begani ongeza kidogo," akaenda zake. Nimeongeza. Baadaye nimemsikia kibandani akipiga tezo, na mpigo haukuwa wa twiga. Twiga naijua, miaka hii yote nimelala nikiisikia. Sijaenda kuchungulia, na usidhani ilikuwa rahisi.

Nimeirudisha kwenye begi, kwenye leso ileile. Leso ni yako.

Sasa baraka. Ulisema niwache tu, na mimi si mtu wa kuwacha. Asubuhi niliyoolewa, susu yako, mama yangu mzazi, alisimama mlangoni na kikombe cha maji, akajaza mdomo, akanitemea kifuani, na mimi nikaona haya kwa sababu ya gauni. Mchungaji wetu anasema hayo ni mambo ya kale. Mchungaji wetu huwapaka watu mafuta ya kupikia kwenye paji la uso, kwa hivyo simsikilizi katika habari ya vinywaji na vipakwa.

Kesho nitakuwa mlangoni, ule wa mbele, na kikombe cha bati. Ukitaka kupita kando yangu, pita, njia ni pana na sitasema neno. Hata kama baba yako ataangalia viatu vyake, hata kama kuku ataingia katikati ya miguu yetu, sitacheka. Lakini ukitaka, simama mbele yangu nikunyunyizie, nikuombee uende ukafanye hiyo kazi yenu ya ajabu vizuri kuliko aliyekufundisha.

Vaa tu ile blauzi nyeupe. Itakauka kabla hujafika Masii.

Mwaitu